Mama Soli na Miguu ya Mama Mkwe

Mama mdogo wangu ni fundi viatu. Nalisema mapema ili atakayetaka kuondoka aondoke, maana katika ukoo alikoolewa jambo hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Upande wao kulikuwa na mwalimu mkuu msaidizi, kulikuwa na karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, kulikuwa hata na mjomba aliyewahi kupanda ndege, ingawa alirudishwa. Halafu yule karani, kijana wao wa kutegemewa, akapeleka kiatu kishonwe kisigino, akakaa kwenye benchi kusubiri, na alipoinuka alikuwa ameshapata mchumba.

Mama yake alizipokea habari hizo kwa ukarimu wake wa kawaida. Siku ya harusi aliwaambia wageni, bibi harusi akisikia, kwamba mwanawe ameoa chupa ya gundi. Mama mdogo, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu ajue kuongea, akamwambia, "Basi Mama, zoea. Gundi ikishashika haibanduki." Uhusiano wao ukawa umefunguliwa rasmi.

Waliishi ua mmoja miaka mingi, nyumba zao zikitazamana, wakisalimiana kila asubuhi kama mabalozi wa nchi zilizo vitani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Baada ya hapo mazungumzo yote yalipitia kwa mume. "Mwambie mkeo maji yake ya kufulia yanakuja mlangoni kwangu." "Mwambie Mama maji yanafuata mteremko, hayafuati mimi." Yule bwana, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, alifikisha ujumbe pande zote mbili akipunguza pilipili njiani, na kwa kazi hiyo hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Kibanda cha mama mdogo kipo kwenye kona ya kuingilia stendi ya mabasi: mabati, mwavuli uliofifia rangi, kigoda kifupi, sindano, uzi uliopakwa nta, vipande vya matairi kwenye gunia. Kwa kuwa fundi hukaa chini kuliko mteja, watu wote wa mtaa amewafahamu kuanzia chini kwenda juu. Sura anazisahau. Viatu hasahau. Ukimsalimia barabarani hutazama kwanza miguu yako, akishakutambua ndipo anapandisha macho kuhakikisha. Anajua nani hulalia upande wa nje wa kisigino, nani huburuta kidole, nani mguu wake wa kulia umechoka kwa sababu miaka yote anabeba begi upande huo. Watu wakamwita Mama Soli. Mama mkwe wake alimwita "yule".

Kisha mama mkwe akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha: chumvi kwenye chai, miwani kwenye kikapu cha vitunguu. Halafu akaanza kumwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe na kumgombeza kwa makosa ambayo marehemu ndiye aliyeyafanya. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo hauna kurudi nyuma, unakwenda mbele tu.

Dada mkubwa wa mume, yaani wifi wa mama mdogo, aliitisha kikao. Wifi anakaa upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye geti, na ana kipaji cha kugawa kazi. Alifungua kikao kwa machozi, akaendelea kwa machozi, akamaliza kwa kusema, "Mama anahitaji mtu wa karibu." Wote wakageuka kumtazama mama mdogo. Na kweli alikuwa karibu. Alikuwa amesimama palepale na sinia la chai mkononi.

Hivyo ndivyo alivyokabidhiwa mama mkwe. Akahamishia nusu ya kazi zake nyumbani, akawa anashona barazani huku jicho moja liko kwenye mlango wa pili. Alimwogesha, alimlisha, jioni alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Mgonjwa alipokea huduma zote hizo kwa malalamiko. "Nani kakuajiri wewe?" alimuuliza siku moja. "Mwanao," akajibu mama mdogo. "Basi kapunjwa," akasema mama mkwe.

Siku ya kwanza ya kupotea, mama mdogo aliingia ndani kuipua chai. Kurudi, kiti kitupu.

Mume alipigiwa simu, akaja mbio. Wifi alipigiwa simu, akalia palepale simuni. Kituo cha polisi waliwaambia wasubiri kwanza, maana mtu mzima ana haki ya kutembea, kama vile bibi kikongwe aliyetoka na gauni la kulalia alikuwa amekwenda kutumia haki zake. Majirani walimiminika kila mmoja na ushauri wake, na wote kwa pamoja wakasimama katikati ya ua, mahali pekee palipokuwa na maana.

"Ondokeni hapo!" mama mdogo akapiga kelele. "Ondokeni mnanikanyagia!"

Walidhani amechanganyikiwa. Yeye alikuwa ameona kitu ambacho kila fundi viatu angekiona kama angekuwa na sababu ya kukitafuta. Ua alikuwa ameufagia asubuhi, mistari ya ufagio bado ilikuwepo, na juu ya mistari hiyo zilipita alama za kandambili. Ya kulia ilikaa vizuri. Ya kushoto ilikuja kwa kuburutwa, ikiacha mkia mdogo nyuma ya kisigino, na ncha yake ilitazama nje kama mtu anayetaka kuchungulia kwa jirani. Kandambili hizo alizishona mwenyewe. Alikuwa ameweka kipande cha tairi chini ya ile ya kushoto, na meno ya tairi yalijichora kwenye vumbi kama yamepigwa muhuri.

Akazifuata. Kwenye njia ya vumbi ilikuwa rahisi. Pale pikipiki ilipokuwa imepita, alichuchumaa akaona gurudumu limekanyaga juu ya kandambili, si kandambili juu ya gurudumu. Maana yake mama mkwe alitangulia. Akamuuliza mwenye pikipiki, aliyekuwa ameegesha hatua chache mbele, amepita saa ngapi, akajua hayuko mbali. Kwenye lami alama zilikufa. Mumewe, aliyekuwa nyuma akihema, alikata tamaa hapo hapo, lakini mama mdogo aliinamisha kichwa karibu kuigusa barabara na kuitazama kwa kulielekea jua. Kando ya bomba linalovuja kulikuwa na tope, na mtu akikanyaga tope halafu akapanda lami, hulidondosha vipandevipande. Vipande vile vilikuwa na meno ya tairi.

Vikampeleka hadi kwenye duka la samani. Mama mkwe alikuwa amelala chali juu ya kitanda kikubwa kuliko vyote, nailoni haijatolewa, mikono kifuani, na wauzaji wawili wamesimama pembeni hawajui kama wamwamshe au wamuuzie.

"Shikamoo, Mama," mama mdogo akasema.

Bibi akafungua jicho moja. "Marahaba. Mwambie mwanangu godoro hili gumu."

Kuanzia hapo ikawa mchezo wao. Mama mkwe alitoroka, mama mdogo akamfuata. Alimkuta kwenye foleni ya watu wanaosajili laini za simu, na tayari alikuwa amefika mbele kwa sababu kila mtu alimpisha. Alimkuta kwenye chumba cha mtihani cha chuo cha udereva, ameshapewa karatasi na amegoma kuirudisha. Kwa kurahisisha kazi, mama mdogo alichukua kisu chake akachonga mikato miwili iliyopishana chini ya kandambili ya kushoto. Wifi alipopata habari alipiga simu kulaani. "Unampiga mama yetu chapa kama ng'ombe?" Mama mdogo akamjibu kwamba ng'ombe angalau ana wachungaji wa zamu.

Sifa zikaenea, na sifa zikamfanya mama mdogo kile zinachomfanya kila mtu: zikamvimbisha kichwa. Watu wakaanza kuja kibandani bila viatu vya kushona. Mmoja anataka kujua nani amechukua beseni lake. Mwingine anataka kujua mumewe hupita wapi kabla ya kufika nyumbani. Mama mdogo alikuwa akichuchumaa mbele ya umati, ananyamaza kwa muda wa kutosha ili wamshangae, kisha anatamka. "Soli haidanganyi," alikuwa akisema, na ilifika mahali akawa anaisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Ndipo akaja kinyozi. Kinyozi alikuwa na mke mzuri na moyo mwepesi. Akasema ameona nyayo nyuma ya nyumba yake, chini ya dirisha la chumbani. Mama mdogo akaenda, na nusu ya mtaa ikaenda naye, kwa sababu watu hupenda sana kuona haki ikitendeka kwenye chumba cha kulala cha mwingine. Akachuchumaa, akatazama. Viatu vya ngozi, kisigino kipya chenye misumari sita badala ya minne. Misumari hiyo aliipigilia yeye.

"Hivi ni viatu vya katibu wa mtaa," akatamka.

Ilikuwa kama kumwaga petroli. Mke wa kinyozi alilia, kinyozi akatafuta wembe, umati ukatafuta katibu. Katibu akapatikana ofisini kwake, mtu mnene mwenye heshima, mguuni amevaa kandambili za bafuni. Viatu vyake, akasema, viliibwa barazani wiki iliyopita, na taarifa alimpa kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza. Kisha mtu mmoja mwenye macho makali akatazama chini, akamwonyesha kinyozi kwa kidole. Kinyozi alikuwa amevivaa. Alivinunua kwa mchuuzi wa barabarani, kwa bei ya kutupa, na siku mbili baadaye alifungiwa nje na mkewe kwa kuchelewa, akapitia dirishani. Alikuwa amejifumania mwenyewe.

Mtaa ulicheka mpaka ukaumwa mbavu. Mama mdogo aliomba radhi kwa katibu, kwa mke wa kinyozi, na kwa shingo upande hata kwa kinyozi. Watoto walimpita kibandani wakiimba "Soli haidanganyi!" Nilipokwenda kumpa pole alikuwa anashona kwa hasira, sindano inaingia kama ana ugomvi na ngozi.

"Nilitazama kiatu," akaniambia. "Kiatu ni kitu cha dukani, mwanangu. Kinauzwa, kinaazimwa, kinaibwa. Ningetazama anavyokanyaga, ningejua. Katibu hukanyaga kama anayesukuma mkokoteni. Yule kinyozi hukanyaga kwa vidole, kama mwizi. Nilikuwa nimeliona hilo, nikaliacha kwa sababu ya misumari yangu mwenyewe."

Hakuna aliyemletea kesi tena kwa muda mrefu, na mimi nasema ilikuwa heri.

Mvua zilipoanza, wifi alijitolea kukaa na mama yake mchana mzima. Mchana mzima! Alitutangazia siku kadhaa kabla, kama serikali inayotangaza ujenzi wa daraja. Akaja amevaa raba nyeupe mpya, akazivua mlangoni kwa uangalifu, akamkumbatia mama yake, akampiga picha, akaketi mbele ya televisheni. Mama mdogo akaenda kibandani kumalizia kazi za wateja zilizokuwa zimerundikana. Huko nyuma, televisheni ikaendelea kuongea, wifi akalala.

Mama mdogo aliporudi alimkuta wifi amesimama, watu wa ua mzima wamemzunguka, nywele zimevurugika. "Mama hayupo! Na raba zangu hazipo!"

Hata leo mama mdogo anasema ilikuwa vigumu kujua kilichomuuma zaidi.

Kandambili zenye mikato zilikuwa palepale mlangoni, zimelowa. Mvua ilikuwa imekwishanyesha na kukatika. Kama kulikuwa na alama kabla ya mvua zilishafutika, na zilizokuwepo baada yake zilikuwa za watu tele waliotoka kuwahi shughuli zao. Nusu ya mji huvaa raba. Mume alifika kutoka kazini, akamtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza mama mdogo aliogopa. Alichuchumaa nje ya geti dogo la ua na hakuwa na alama yoyote aliyoichonga.

Basi akaacha kutafuta kiatu. Akatafuta mwendo. Hatua fupi. Kushoto kunakokuja kwa kuburutwa, ncha imetazama nje. Na jambo moja ambalo alikuwa amelijua bila kujijua: mama mkwe hatembei mbali bila kusimama na kuegemea kitu. Akainua macho, akatazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Kwenye ukuta, kimo cha bega la mtu mfupi, kulikuwa na alama ya kiganja cha maji, na chini yake nyayo mbili za raba zimekaa sambamba, zimezama kidogo, kama za mtu aliyesimama kupumzika. Zilipoondoka, ya kushoto ikavuta mkia kwenye tope.

"Huku," akasema.

Wakaenda watatu, mama mdogo mbele, mume nyuma yake, wifi mwisho akiwa amevaa kandambili za mama yake, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Ukuta, kiganja, mkia. Nguzo ya umeme, kiganja, mkia. Palipokuwa panajengwa njia ya waenda kwa miguu walimkuta fundi mwashi anasawazisha upya zege bichi, uso umemkunjamana.

"Mmemwona bibi mmoja?"

"Nimemwona? Kanikanyagia zege lote. Nikamwambia, bibi, pita pembeni. Akaniambia yeye alizaa mtu wa stoo ya saruji, kwa hiyo zege hili ni la kwake."

Mume akaangalia pembeni. Fundi akawaonyesha alikoelekea.

Nyuma ya maghala, mbele ya mlango wa ofisi moja iliyofungwa, walizikuta raba. Zilikuwa zimepangwa vizuri, ncha zimeelekea mlango, kama za mtu aliyebisha hodi na kukaribishwa. Wifi akazikumbatia. Ndani yake kulikuwa na damu kidogo upande wa kidole kidogo, zilikuwa zimembana. Mume akazunguka lile jengo akiita, "Mama! Mama!" Milango yote ilikuwa na makufuli.

"Sasa yuko peku," wifi akaanza kulia. "Peku kila mtu ni sawa! Utamjuaje peku?"

Mama mdogo alikuwa amepiga magoti kwenye tope la uwanja ule ambamo malori hugeuzia, na uwanja ulikuwa umejaa nyayo za wabeba mizigo. Akapitia mmoja baada ya mwingine. Kisha akaishia kwenye unyayo mmoja mdogo, mwembamba katikati, ambao kidole chake cha mwisho hakikugusa chini kabisa; kilikuwa kimejikunja juu ya mwenzake. Kidole hicho alikuwa akikikunjua kila jioni ili apitishe kitambaa, na kila jioni alikuwa akipigwa teke kwa kufanya hivyo.

"Ni huyu," akasema.

Nyayo zikavuka uwanja, zikafika ukingoni mwa barabara kubwa ya malori, na hapo ndipo mume alipoona kitu akapiga ukelele. Kando ya nyayo za mama yake zilikuwepo nyingine. Buti kubwa, za mwanamume, zimetoka ng'ambo ya barabara moja kwa moja hadi zilipo zile ndogo. Baada ya hapo zilikwenda pamoja.

"Wamemteka!" wifi akasema, akashika kichwa. "Mungu wangu, wamemteka mama!"

Mume alikuwa ameshatoa simu kuwapigia polisi, wale wa haki za mtu mzima. Mama mdogo akamshika mkono. Alikuwa bado anasoma. Buti zilikuja kwa hatua ndefu, za mtu anayekimbia kukatiza magari, vidole vimechimba. Zilipomfikia bibi, zikawa fupi ghafla, fupi kuliko buti zenyewe, kisigino cha moja karibu kinagusa ncha ya nyingine. Mtu mwenye miguu mikubwa namna ile hatembei hivyo kwa raha zake. Mbele kidogo kulikuwa na mfereji uliofurika, na kando ya ukuta pamebaki ukingo mwembamba mkavu, wa kupita mtu mmoja tu. Nyayo ndogo zilipita juu ya ukingo mkavu. Buti zilipita ndani ya maji.

"Tazameni," akasema mama mdogo. "Mtekaji gani huyo anaingia kwenye tope ili mateka wake asilowe?"

Wifi akatazama. Sijui kama aliona, lakini alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa la kushukuriwa.

Nyayo ziliingia kwenye kibanda cha fundi pancha. Mlangoni matairi yamepangwa, kompresa inanguruma. Ndani, kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari fulani, mama mkwe alikuwa ameketi kama mwenye mali, koti zito la kazi limemfunika mabega, miguu yake ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Lilikuwa lile beseni la kutafutia pancha.

"Ndio hao?" fundi pancha akauliza. Alikuwa jitu la mtu, buti zinavuja maji.

"Ndio sisi," mume akasema.

"Nilimwona anataka kuvuka barabara peku, malori yanapiga honi. Nikamuuliza, bibi, kwako wapi? Akasema nisihangaike, tukae tu, mkwe wake atakuja. Nikamwambia nipe namba nimpigie. Akasema mkwe wake hahitaji kupigiwa, huwa anasoma chini." Akajikuna kichwa. "Sikumwelewa, lakini nikachemsha maji."

Mama mdogo alikuwa ameshapiga magoti mbele ya lile beseni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Bibi akamtazama kwa muda mrefu, bila dalili ya kumfahamu. "Wewe nani?"

Mume alitaka kuingilia. Mama mdogo akamzuia kwa jicho.

"Nimetumwa na mkweo. Kasema nije nikuchukue."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Kazini! Siku zote kazini. Yule ana mdomo kama sindano yake ya viatu." Bibi akaitazama miguu yake majini, akaichezesha. "Lakini ile kandambili aliishona vizuri. Sikumwambia."

"Nitamwambia, Mama."

"Mwambie na hili: kachelewa."

Mama mdogo akamfuta miguu kwa kanga yake, akakikunjua kile kidole kidogo, akapigwa teke la kawaida. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na raba zake kifuani, akasema kwa sauti nyembamba kwamba tope lile huenda lisitoke. Hapo yule bwana mpole, mfikisha ujumbe wa miaka yote, alimgeukia dada yake.

"Dada, kuanzia sasa Jumamosi na Jumapili ni zako."

"Unajua nina kazi zangu..."

"Na mke wangu anacheza? Mwenye macho ya kulala mbele ya televisheni ana macho ya kukaa na mama yake. Jumamosi na Jumapili. Na usije na simu."

Hakupunguza pilipili hata punje moja. Mama mdogo anasema alimtazama mumewe kama siku ile aliyoinuka kwenye benchi.

Wifi akaja Jumamosi, uso umefura. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Simwambii mtu kwamba alibadilika akawa malaika. Alilalamika kuhusu mgongo wake, kuhusu choo, kuhusu umbali. Lakini alikuja, na baada ya miezi kadhaa hata aliweza kumlisha mama yake bila kumpiga picha.

Mama mkwe hakutembea mbali tena. Miguu ilianza kumkataa, kwanza barabara, kisha ua, kisha mlango. Ilipofika mahali haondoki kitandani, mama mdogo alikuwa anamwosha miguu ileile ambayo sasa haikukanyaga kitu, na mimi niliyemkuta akifanya hivyo nilimuuliza kwa nini, maana ni misafi. Akaniambia nimuulize mwenye miguu. Mwenye miguu alikuwa amefumba macho, na teke lilikuja, jepesi kama la mtoto.

Alikufa kwa kifua, asubuhi, wakati chai inachemka.

Mazishini wifi alizungumza kwa niaba ya familia. Alizungumza vizuri, machozi yakija mahali pake. Alieleza jinsi alivyojinyima. "Nilimtunza mama yangu kwa mikono yangu miwili," akasema, na wageni wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mama mdogo, aliyekaa mkekani pembeni yangu, akaniinamia sikioni. "Miwili?" akanong'ona. "Mimi niliuona mmoja. Mwingine ulikuwa na simu."

Kisha akalia. Hakulia kwa utaratibu kama wifi yake. Alilia vibaya, kwa kukoroma, kanga mdomoni, mpaka mumewe akaja kumshika na yeye akalia. Watu waliomjua waligeuka kushangaa, maana wote walikumbuka ule ugomvi wa chupa ya gundi. Jioni, wageni walipopungua, jirani mmoja asiye na aibu akamuuliza alikuwa analilia nini hasa, wakati wote tunajua hawakupendana.

"Namlilia mtu wa kugombana naye," akasema mama mdogo, anakusanya vikombe. "Ninyi mliobaki hata kugombana hamjui."